Inchi Kumi na Sita za Bwana Awadh

Jumatatu ya kwanza baada ya arubaini ya marehemu Awadh, mwaka wa 1994, Mwalimu Gharib alipiga magoti kwenye ghorofa ya chini ya nyumba ya marehemu, mtaa wa Ndia Kuu, na kuilaza futi yake ya chuma kando ya ukuta. Alivaa kanzu ya kazi, ile yenye doa la wino mfukoni, na penseli ameichomeka sikioni. Kahawa yake ilikuwa juu ya kigoda. Bi Swabaha, mjane, alikuwa bado yuko edani, kwa hivyo aliketi nyuma ya pazia na kusimamia kila kitu kwa sauti.

Mwalimu Gharib alikuwa amefundisha hesabu sekondari kwa miaka thelathini na mbili, na tangu astaafu ndiye aliyekuwa akiitwa Mji wa Kale wote panapotakiwa kugawanywa mirathi. Watu walimwamini kwa sababu hakuwa na maoni. Angeweza kukaa kwenye baraza asubuhi nzima, kukisemwa hili na lile, na akaondoka bila mtu kujua anamwunga mkono nani. Hali hiyo watu waliiita hekima, na yeye hakuwakatalia.

Ghorofa ya chini ilikuwa na urefu wa inchi mia tano na kumi na mbili, na upana wa inchi mia tano na kumi na mbili. Ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ya tatu na ya nne pia. Ngazi na kisima havikuhesabiwa, kwa kuwa ni vya kila mtu. Mwalimu alizidisha juu ya karatasi, akapata inchi za mraba 1,048,576, yaani milioni moja, arubaini na nane elfu, mia tano sabini na sita. Akainywa kahawa yake kabla haijapoa.

Namba ile aliifahamu mara moja, kama mtu anavyomfahamu mwanafunzi wake wa zamani sokoni. Ni moja iliyoongezwa maradufu mara ishirini. Ukiikata nusu inakatika, na nusu yake inakatika, na unaweza kuendelea hivyo mara ishirini hadi ubaki na moja mkononi, bila kupasua chochote. Lakini ndani yake hamna kitu kingine isipokuwa mbili. Hamna tatu, hamna tano, hamna saba. Ukiitaka theluthi yake, itakupa mafungu matatu na kukurudishia moja, na hapana ubembelezi utakaoifanya iimeze ile moja. Babu mzaa babu wa Awadh aliijenga nyumba hiyo kwa kamba aliyokuwa akiikunja mara mbili, na nusu yake mara mbili, kila alipotaka kujua ukuta ukae wapi. Kamba ya namna hiyo haitoi theluthi. Mzee yule hakuitaka, wala hakuwaza kwamba angekuja kuzaa watu watakaoitaka.

"Watoto ni wangapi?" Mwalimu aliuliza kuelekea pazia.

"Wane," alisema Bi Swabaha.

"Wane tu?"

"Mwalimu, umekuya kupima nyumba au umekuya kuhesabu uzazi wangu?"

Mwalimu Gharib aliandika nne.

Hapa inafaa kueleza alichokijua Mwalimu, kwa sababu yeye mwenyewe hakukieleza. Mjane hupewa thumuni, yaani sehemu moja kati ya nane. Zinazobaki ni za watoto, mtoto wa kiume mara mbili ya wa kike. Kwa wavulana wawili, Ziad na Faraj, na wasichana wawili, Badria na Areej, zile thumuni saba zilizobaki hugawanywa kwa sita, na nyumba nzima inabidi ikatwe mafungu arubaini na nane. Lakini angekuwapo binti wa tatu, hesabu ingekaa yenyewe kama kifuniko juu ya chungu chake. Kila mwana wa kiume angepata thumuni mbili, kila binti thumuni moja, na mama yao moja. Thumuni nane, ghorofa nne. Wavulana kila mmoja ghorofa nzima, wanawake kila mmoja nusu ghorofa. Hata chaki isingehitajika.

Na binti wa tatu alikuwapo. Aliitwa Mejumaa, alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, na alikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, Shimanzi. Mama yake, Mbodze, Mdigo wa Ng'ombeni, alikuwa akishona magunia katika ghala la kahawa pale pale Shimanzi alipoolewa na Awadh mwaka wa 1962. Ndoa ilifungwa Majengo, adhuhuri, mbele ya mashahidi wawili. Mmoja alikuwa mpishi wa Jomvu ambaye amekwishafariki. Wa pili alikuwa Mwalimu Gharib, na siku hiyo alikula pilau sahani mbili.

Awadh hakuisema ndoa hiyo nyumbani kwake. Alikuwa akienda Majengo kila Jumatano baada ya alasiri, na Ndia Kuu aliaga kwamba anakwenda darasani msikitini. Alihudhuria darasa hilo miaka ishirini na saba, hadi Mbodze alipofariki, na baada ya hapo akaendelea kwenda kumwona binti. Kwa mahudhurio hayo mtu mwingine angekwishakuwa mufti. Kila mwaka alimwahidi Mejumaa kwamba atasema baada ya Idi. Kwenye cheti cha kuzaliwa cha Mejumaa, palipopaswa kuandikwa jina la baba, pana kistari, kwa sababu Awadh aliomba pasubiri kidogo. Cheti cha ndoa alikiweka mwenyewe kwenye kasha la nyumbani, akidhani kasha ni mahali pa siri. Kasha lina ufunguo, na ufunguo ulikuwa kiunoni mwa Bi Swabaha.

Mejumaa alifika siku ya tatu ya matanga, akaketi na wanawake, akalia kwa adabu. Bi Swabaha alimpa chai na kumwita mgeni wetu. Baadaye Mejumaa alimwandikia Ziad, mwana mkubwa, barua ya ukurasa mmoja aliyoipiga chapa kazini. Hakuomba chochote isipokuwa kuhesabiwa. Mwenye chumba cha Majengo alimtaka ahame mwisho wa mwaka, na nusu ghorofa ingemfaa, lakini katika barua aliyaweka mambo kwa mpangilio wake: kwanza niandikwe binti Awadh, hayo mengine yatafuata. Ziad, aliyekuwa na duka la vinyago chini ya nyumba ya jirani, aliisoma akiwa amesimama, akaitumia kufungia kinyago cha kiboko kilichonunuliwa na Mjerumani.

Basi Mwalimu Gharib aligawanya kwa arubaini na nane. Kila fungu lilitoka inchi za mraba 21,845, na zikabaki kumi na sita. Alichora mistari ya chaki kwenye ghorofa zote. Kila mmoja alipata kile ambacho angepata hata kama Mejumaa angehesabiwa, na ile nusu ya ghorofa ya nne iliyozidi, yenye madirisha mawili yanayotazama bahari, ikakatwa vipande virefu baina ya ndugu wanne. Vya wavulana vilikuwa na upana wa futi saba hivi. Vya wasichana havikufika futi nne, urefu futi arubaini na mbili, kwa hivyo watu wawili hawawezi kupishana humo mpaka mmoja ajibane ukutani. Bi Swabaha hakupata kitu humo. Fungu lake ni thumuni vyovyote iwavyo, na kwa sababu ya yale masalio, kumkana Mejumaa kulimpunguzia inchi mbili za mraba. Alizitoa kwa moyo mkunjufu.

Zile inchi kumi na sita zilizobaki Mwalimu alizikusanya mahali pamoja kwenye ghorofa ya nne, nne kwa nne, karibu na dirisha la pili. Hazikuwa za mtu. Alimwambia Ziad kwamba mmoja wao anaweza kuwaachia wenziwe na mambo yakaisha. Ziad alimtazama Faraj, Faraj akamtazama Badria, Badria akasema yeye kipande chake chembamba tayari, na Areej akatoka kwenda kutazama maji jikoni.

Siku ya pili yake, baada ya sala ya alasiri, marehemu Awadh alikuwa amesimama pale.

Alisimama kwa mguu mmoja, wa kulia, sehemu ya mbele tu, kwa sababu inchi nne kwa nne hazitoshi unyayo. Kisigino alikiinua juu, maana kingeangukia fungu la Faraj. Mguu wa kushoto aliukunja. Alivaa sanda, safi, na kofia yake ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, ambayo Badria alikuwa ameitafuta kila mahali. Aliyemwona mwanzo ni Areej, aliyepanda kuanua nguo. Aliteremka na kapu lake, akasema, "Mama, baba yuko juu."

"Asimama wapi?" aliuliza Bi Swabaha.

"Pale pasipo mwenyewe."

"Basi hajaingia kwa mtu," alisema Bi Swabaha, na akaendelea kuchambua mchele.

Ilipoadhiniwa magharibi alitoweka. Siku ya tatu, Jumatano, hakuonekana. Alhamisi alirudi, Ijumaa alirudi, na ikajulikana kuwa ndiyo kawaida yake. Hakusema kitu, wala hakuomba kitu. Alitazama mbele kwa uso ule ule aliokuwa nao maishani alipoulizwa swali na watu wawili kwa wakati mmoja. Mtu alikuwa na nyumba nzima, ghorofa nne, sauti yake na pumzi zake, na mdomo haukufunguka. Sasa alikuwa na mahali pa kuweka vidole vya mguu. Ni vigumu kumwonea huruma, na wengine waliojaribu walishindwa.

Ziad hakuudhika na kuonwa kwa baba yake, bali na mahali alipochagua. Alikuwa amepata mpangaji wa kipande chake cha ghorofa ya nne, karani mmoja wa Kilindini, na karani yule alipanda, akasalimu, akamtazama marehemu kwa heshima, akauliza kama yeye pia ni mpangaji. Ziad akaona la kufanya ni kuyafuta masalio. Yakiisha masalio, pa kusimama patakuwa hapana.

Alimwita fundi Chonga, mtu wa Rabai, mpiga lipu asiye na maneno mengi. Wazo lilikuwa ukuta mmoja wa ghorofa ya nne uongezwe lipu nene ya inchi mbili, ili namba ipungue na ipatikane nyingine, iliyo na tatu ndani yake. Chonga alipiga lipu siku mbili. Ilipokauka Mwalimu alilaza futi yake. Ilikuwa inchi mia tano na kumi na mbili. Ukuta wa upande wa pili ulikuwa umesogea inchi mbili kuwapisha, na muuza mikoba wa nyumba ya jirani alikuja kueleza, kwa upole kabisa, kwamba rafu yake imetokeza mlangoni. Alipewa kahawa na halwa. Chonga alikusanya vyombo vyake.

"Mzee, hii nyumba inajua ukubwa wake," alimwambia Ziad, na akadai kwamba lipu ni lipu, hata kama haikusaidia.

Ndipo Ziad alipomtaka Mwalimu apime tena, kwa nusu inchi badala ya inchi, kwa kuwa yeye aliamini kwamba ukipima vidogo zaidi, masalio hupotea. Si mjinga peke yake aaminiye hivyo. Mwalimu alijua kitakachotokea, lakini alipima, kwa sababu kupima hakuhitaji ushujaa. Namba ilitoka 4,194,304. Akagawanya kwa arubaini na nane. Zikabaki kumi na sita.

"Kumi na sita tena?" alisema Ziad.

"Kumi na sita. Ila sasa ni ndogo. Inchi mbili kwa mbili."

Alasiri hiyo Awadh alisimama kwa vidole viwili, dole gumba na la pili yake.

Walipima kwa robo inchi. Namba ilikuwa 16,777,216, na zikabaki kumi na sita, na Awadh akasimama kwa dole gumba. Walipima kwa thumuni ya inchi. Namba ilikuwa 67,108,864, na zikabaki kumi na sita, na Awadh akasimama kwa ncha ya dole gumba. Mwalimu aliwaeleza, kwa subira ya darasani, kwamba ukiichukua moja na kuikuza mara nne, kisha mara nne, kisha mara nne, basi ikishafika kumi na sita, kila utakapoigawanya kwa arubaini na nane itakurudishia kumi na sita, hata ukiendelea hadi namba ijaze Ndia Kuu yote kutoka ngome hadi sokoni. Ni sifa yake. Namba haina hasira na mtu, na haina haya.

"Na tukigawanya kwa nane?" aliuliza Areej, aliyekuwa mlangoni na chai. Hakuwa na nia yoyote, aliuliza tu.

"Kwa nane haibaki kitu," alisema Mwalimu.

Ziad alimwambia Areej chai imemwagika kwenye sahani. Ilikuwa haijamwagika.

Habari za marehemu zilifika Shimanzi kama habari nyingine zinavyofika, na Jumamosi moja Mejumaa alikwenda kumwona Mwalimu Gharib nyumbani kwake. Alimkuta barazani, akikausha vitabu vyake juani. Alisalimu, akaulizwa hali, akauliza hali, akaulizwa kazi, akajibu kazi njema. Kazi yake ilikuwa kuandika namba za makontena. Kila kontena lina tarakimu ya mwisho inayotokana na zile za mbele, ili ukikosea moja karatasi nzima ikusute. Kwa miaka minane alikuwa akizikagua kwa kichwa, na hakuhitaji kuelezwa maana ya namba kukataa.

"Nimeambiwa nyumba hailingani mpaka mimi niwemo," alisema.

"Ndivyo hesabu inavyosema, mwanangu."

"Wewe ulikuwepo Majengo siku ile."

Mwalimu alikigeuza kitabu upande wa pili. "Shahidi mmoya hatoshi."

"Mmoja anaanzisha. Watalazimika kunijibu."

"Wale ni majirani zangu. Miye na Ziad twasali safu moya. Wacha namba iseme, Mejumaa. Namba haipendelei mtu. Wakiona haigawanyiki, watarudi kwenye haki wenyewe."

"Namba haina mdomo, Mwalimu," alisema Mejumaa. "Unao wewe."

Mwalimu alisema jua limekuwa kali, na akaanza kuviingiza vitabu ndani. Mejumaa alimsaidia kubeba, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, kisha akaenda zake. Neno moja la mtu yule lisingelimaliza shauri, lakini lingelifungua. Alikuwa na neno hilo tumboni tangu mwaka wa 1962, pamoja na pilau ya watu, na vyote viwili alivimeza vizuri.

Eda ya Bi Swabaha ilipokwisha, ikapangwa siku ya kutia sahihi, Jumanne, baada ya alasiri, kwenye ghorofa ya nne ili kila mtu aione mistari. Safari hii Mwalimu alipima kwa sehemu ya kumi na sita ya inchi, kwa kioo cha kukuzia. Namba ilikuwa 268,435,456. Masalio yalikuwa kumi na sita, na kwa pamoja yalienea robo inchi kwa robo inchi. Karatasi ziliwekwa juu ya meza ndogo. Bi Swabaha alivaa leso mpya. Faraj alileta kalamu. Awadh alikuwa dirishani, ameinuka juu ya ukucha wa dole gumba, akiyumba kidogo upepo ulipoingia.

Mejumaa alipiga hodi chini, akapanda. Alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku. Hakuna aliyemwita, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumfukuza mbele ya watu, basi aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na ngazi na kuweka mkoba magotini. Alimtazama baba yake, na baba yake akamtazama.

Mwalimu alisoma mafungu. Alipofika mwisho na kuinua kalamu, marehemu Awadh alifungua mdomo.

"Mejumaa ni mwanangu," alisema.

Alilisema wazi, kwa sauti yake ya kawaida, na kila aliyekuwamo alisikia. Yalikuwa maneno matatu. Aliyachelewesha miaka thelathini na mmoja na kifo kimoja.

Ziad aliweka mkono kifuani, kama inavyompasa mwana. "Baba, Mungu akurehemu. Hayo tumeyasikia. Lakini ushahidi wa maiti haukubaliwi. Ulize, Mwalimu yuko hapa."

"Haukubaliwi," alisema Mwalimu Gharib. Juu ya hilo alikuwa na hakika.

"Na walio hai?" aliuliza Mejumaa.

Ziad alimgeukia Mwalimu kwa tabasamu, kwa sababu alimjua mtu wake. "Walio hai wana la kusema? Mwalimu?"

Mwalimu Gharib alitazama karatasi. Namba ilikuwa pale, imeandikwa kwa mwandiko wake mzuri, mbili tupu tangu mwanzo hadi mwisho, na ilikuwa imekwishasema kila ilichokuwa nacho. Alitazama safu ya tarakimu kama mtu anayetafuta pa kujificha nyuma yake. Masikio yalimwiva. "Mimi ni mtu wa hesabu tu," alisema, na akatia sahihi mahali pa mpimaji.

Wengine walifuata. Areej alitia sahihi mwisho, lakini alitia. Bi Swabaha aliuliza kama chai iletwe.

Ziad sasa alikuwa na moyo mweupe. Mtu akishapata chumba huwa mkarimu. Alimwendea Mejumaa, akasimama mbele yake, akamwonyesha dirishani.

"Dada, hatutaki uondoke na kinyongo. Zile kumi na sita zilizobaki hazina mwenyewe. Tumeafikiana tukupe weye, kwa njia ya sadaka. Utakuwa na mahali katika nyumba hini, na baba atapumzika. Mwalimu ataandika."

"Ataandika nani?" aliuliza Mejumaa. "Mejumaa binti nani?"

"Ataandika Mejumaa. Yatosha."

Mejumaa aliinuka, akatembea hadi dirishani, akijichunga asikanyage chaki ya mtu. Aliinama akapatazama mahali penyewe, palipo chini ya ukucha wa baba yake. Palikuwa padogo kuliko stempu. Nje ya dirisha la pili kulikuwa na bahari, na upepo, na nusu ghorofa nzima nyuma yake iliyokatwa vipande kama kitambaa cha fundi mbaya. Awadh alimtazama kutoka juu, akiyumba, mdomo bado uko wazi kidogo, na ilikuwa dhahiri kwamba anangoja ashukuriwe.

Mejumaa alijiinua. Hasira yake ilikuwa kubwa, na aliisema bila kupandisha sauti.

"Mwachieni yeye," alisema. "Ndicho kipimo chake."

Akachukua mkoba wake, akaaga kila mtu kwa jina, akateremka ngazi ambazo ni za kila mtu. Awadh alifunga mdomo.

Mpaka leo nyumba iko hivyo. Vipande vya ghorofa ya nne viliwekewa kuta za mbao, na karani wa Kilindini aliondoka baada ya miezi miwili kwa sababu kitanda chake kilikuwa kikivuka mpaka. Ziad huweka humo vinyago visivyonunuliwa, Faraj huweka mashine ya kufulia iliyoharibika, Badria mitungi, na Areej hakuweka kitu. Hakai mtu. Mwalimu Gharib ameitwa kugawanya nyumba nyingine sita, na sifa yake ya kutopendelea imeenea hadi Lamu. Mejumaa alihama Majengo mwisho wa mwaka, akapanga chumba nyuma ya uwanja wa makontena, Shimanzi, na kistari chake hakijatoka mahali pake. Chumba cha Majengo anakaa dereva wa lori na mkewe.

Marehemu husimama dirishani kila alasiri, juu ya ukucha. Wamemzoea. Leso zikiwa hazijakauka huanikwa kwenye bega lake, na wageni huonywa wasimsukume. Jumatano tu ndiyo hayupo. Mgeni akiuliza, Bi Swabaha hujibu bila kuinua macho kwenye sinia la mchele.

"Yeo ana darasa."